Kampasi inakuja Lindi, nani atafundisha?

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, katika kisiwa kilichomo ndani ya Wilaya ya Kilwa. Ilichukua miaka 30 hadi ilipoanza kusafirishwa mwaka 2004, kwa bomba la kilomita 232, kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam. Mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka wa ugunduzi huo alikuwa na muda wa kutosha kusoma hadi kuwa mhandisi wa bomba hilo. Wangapi waliandaliwa kwa kazi hiyo ni swali ambalo wazee wa Kilwa Kivinje na Somanga wanaweza kulijibu bila kuhitaji takwimu.

Sasa imekuja nafasi nyingine. Kupitia mradi wa kuboresha elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 za Marekani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepanga kuwa na kampasi mkoani Lindi, inayolenga masomo ya kilimo. Mazungumzo mengi mitaani yamekuwa juu ya vibarua vya ujenzi, vyumba vya kupangisha na biashara ya chakula kwa wanafunzi. Hayo ni mambo ya maana, hasa kwa mfanyabiashara mdogo. Lakini kibarua huisha jengo linapoezekwa. Ajira ya kudumu katika chuo cha aina hii iko darasani, maabara na karakana, na haipatikani kwa kuwahi foleni getini.

Ngazi ya ajira hiyo ni ndefu. Anayetaka kuanza kama mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu anatakiwa awe na shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Kisha anakwenda shahada ya uzamili, anakuwa mhadhiri msaidizi, na baada ya shahada ya uzamivu ndipo anaitwa mhadhiri. Mwanafunzi aliye kidato cha pili leo, hata asipokwama popote, atahitaji zaidi ya miaka kumi kufika huko.

Ipo pia njia ya pili, ambayo wazazi wengi hawaijui na pengine ndiyo inayowafaa zaidi. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu katika masomo ya sayansi anaweza kusoma astashahada, kisha stashahada, katika chuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, akatoka fundi sanifu. Maabara ya udongo haiendeshwi na profesa peke yake, na mashine ya kukamua mafuta ikiharibika haitengenezwi kwa hotuba. Fundi sanifu huyo anaweza kuajiriwa chuoni na kuendelea kusoma akiwa kazini hadi shahada. Vyuo vyenyewe navyo hukua. Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanza mwaka 1986 kilikuwa chuo kikuu mwaka 2012.

Mkulima wa ufuta anaweza kuuliza yote hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu mtumishi anayepangiwa kusini akiwa hana ndugu wala shamba huko mara nyingi huanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajazoea njia ya sokoni. Utafiti wa mbegu, magonjwa ya mimea na usindikaji unahitaji mtu wa kukaa misimu mingi mfululizo. Mwenyeji, ambaye mama yake anauza ufuta kwenye chama cha msingi hicho hicho, ana sababu ya kukaa. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023, nayo itahitaji mafundi wa vyumba vya baridi na wataalamu wa kusindika samaki, na hao lazima wawe na wa kuwafundisha.

Lawama isiwaendee wazazi peke yao. Shule ya sekondari isiyo na mwalimu wa fizikia wala maabara haiwezi kumtoa fundi sanifu, hata mzazi auze shamba. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao, na kwa Kilwa ushuru wa huduma unaotokana na gesi, ziseme hadharani ni kiasi gani kinakwenda kwenye maabara za shule. Chuo nacho kitenge nafasi za mafunzo kazini kwa vijana wa mikoa ya kusini wenye sifa. Kupunguza viwango vya ufaulu kwa ajili yao kungekuwa kuwadanganya.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ya serikali imewafikia pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Hata hivyo nauli, malazi na ada ya kuombea chuo bado vinatoka mfukoni mwa mzazi. Kwa bahati nzuri, minada ya ufuta Lindi huanza katikati ya mwaka, karibu na wakati ambao maombi ya vyuo na ya mikopo huwa wazi. Fedha za mnada wa kwanza zinapoingia, fomu za maombi zijazwe wiki hiyo hiyo, kabla ya mabati na kabla ya pikipiki.