Nyuki Hawakushinda Tanga

Vita vya Tanga vikitajwa, tunajibiwa nyuki. Waingereza walikuja na meli Novemba 1914, nyuki wakawatimua, basi. Hadithi hiyo imesimuliwa mno, hata baadhi ya makala tulizoletewa kwa toleo hili la meli za vita zilianza nayo, nami nimeiondoa kila nilipoikuta. Nyuki walikuwepo kweli, wakauma pande zote mbili. Lakini kuwapa wao ushindi ni kuwadhulumu askari Waafrika wa jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, watu wapatao elfu moja, waliopigana na jeshi lililowazidi mara nane. Pia ni kuifuta safari nzima iliyowaleta wale walioshindwa.

Kwangu mimi, kushindwa kule kulianza baharini. Msafara wa jeshi la Kihindi la Waingereza ulitoka Bombay tarehe 16 Oktoba, na kabla ya hapo askari walikuwa wamekwisha kupakiwa melini wakingoja manowari za kuwasindikiza, kwa sababu manowari ya Kijerumani Emden ilikuwa ikizamisha meli katika Bahari ya Hindi. Kisha zikafuata wiki mbili na zaidi za bahari, zaidi ya meli kumi zikienda kwa mwendo wa ile nzito kuliko zote. Wengi walikuwa watu wa bara, wengine wa milima ya Kashmir. Walilala wamesongamana chini ya sitaha, kwenye joto na harufu ya matapishi, katika vikosi ambavyo havikuwahi kufanya mazoezi pamoja.

Mombasa ilikuwa jirani. Jenerali Aitken, kamanda wa msafara, alishauriwa awashushe wapumzike, akakataa ili kulinda siri, wakati siri yenyewe ilikwisha kuvuja. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari ya Kiingereza Fox akatangulia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoishambulia Tanga yamefutwa. Saa zilizopotea hapo ziliwatosha Wajerumani kuleta askari kwa garimoshi kutoka Moshi. Usiku ule vikosi vya Kihindi vya Rajputs na Pioneers vikashushwa kwa matishari kwenye rasi ya Ras Kasone, karibu na mji, na alfajiri askari wake wakaingizwa vitani bila usingizi, miguu ikiwa bado haijazoea nchi kavu. Walirudishwa nyuma kabla ya adhuhuri, na nyuki walikuwa bado hawajaingia katika habari hii. Wao ni wa tarehe 4.

Najua nitakavyopingwa: Wakashmiri walisafiri katika msafara huohuo, na tarehe 4 walifika hadi ndani ya mji. Kweli, na waheshimiwe kwa hilo. Ila wao hawakuwa wale waliotolewa melini usiku wa kwanza na kupelekwa moja kwa moja kwenye risasi. Mwandishi wetu wa makala ya kwanza anaona nimeipa safari uzito kupita kiasi, na amepewa kurasa za kutosha kusema hivyo. Msomaji aamue. Mimi nashikilia kwamba zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea pale walikuwa wameangushwa na maamuzi ya melini kabla hawajaona mnazi wa Tanga.

Makala nyingine zinafuata njia hiyo. Moja inahusu kikosi cha Gold Coast kilichoshuka Kilindini Julai 1916, nyingine brigedi ya Nigeria iliyotua Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka huo. Ya nne ni ya meli Mendi, iliyogongwa na Darro kwenye ukungu karibu na kisiwa cha Wight tarehe 21 Februari 1917. Vibarua Waafrika zaidi ya 600 kutoka Afrika Kusini walikufa, na Darro haikuwaokoa. Isomeni hiyo kwanza.

Tulichokosa ni sauti ya sepoy, yaani askari wa Kihindi, mwenyewe. Kila tulichonacho kuhusu safari ya Bombay kimeandikwa na maofisa. Familia za Tanga, Mombasa au ng'ambo zenye barua, picha au masimulizi ya babu aliyeshuka Ras Kasone zituandikie; kurasa za toleo lijalo bado zipo wazi.