Alama za sifa zisiwe pensheni

Stack Overflow, uwanja wa maswali na majibu wa watengenezaji programu ulioanzishwa mwaka 2008, humpa mtu alama 10 kila jibu lake linapopigiwa kura ya kuungwa mkono. Anayelipinga jibu la mwenzake humpunguzia alama 2, lakini naye hukatwa 1.

Hapo pana busara. Mtu akijua kumshusha mwenzake kutamgharimu, husoma kwanza.

Kasoro ni kwamba jibu jepesi la zamani huendelea kumchumia mwenyewe alama mwaka hadi mwaka, ilhali aliyehangaika juzi na swali gumu, lenye wasomaji wachache, huambulia patupu. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, iliwahi kuzuia ulimbikizaji kama huo kwa kuweka kikomo cha alama 50, kisha ikaficha tarakimu na kutumia maneno. Alama kongwe zipungue thamani, na mamlaka ya kufunga maswali ya wengine, ambayo hupatikana kwa wingi wa alama, yabaki kwa wanaoendelea kujibu.