Bonasi isiyoandikwa ni deni lisilodaika

WAKATI wowote kampuni inapotangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi, swali la kwanza vinywani mwa wengi huwa ni nani atakayepigwa kalamu. Swali la pili huulizwa kwa kunong'onezana: je, bonasi ya mwaka italipwa?

Swali hilo halitokani na tamaa. Kwa wafanyakazi wengi wa mabenki, kampuni za bima na viwanda, mshahara wa kila mwezi humalizwa na kodi ya nyumba, nauli na chakula. Bonasi ndiyo hutegemewa kwa mambo mazito: karo ya watoto, deni la chama cha akiba na mikopo, au mabati ya nyumba inayojengwa kijijini. Inapokosekana, mipango ya mwaka mzima huvurugika.

Kiini cha wasiwasi huo ni kalenda. Kampuni nyingi hufunga hesabu zao Desemba 31, lakini bonasi hulipwa miezi kadhaa baadaye, hesabu zikishakaguliwa na bodi ya wakurugenzi kuidhinisha. Anayeachishwa kazi Februari ametoa jasho mwaka mzima uliozaa faida, ila siku ya malipo jina lake halimo. Waajiri wengi huweka sharti kwamba mpokeaji awe bado kazini siku hiyo. Mchumia juani, katika hali hii, haambulii hata kivuli.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kimeorodhesha anachodai mfanyakazi ambaye nafasi yake imefutwa. Sharti ilani itolewe kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla. Mfanyakazi hulipwa mshahara wa mwezi mmoja asipopewa ilani, siku za likizo alizobakisha, na fidia isiyopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Aliyetumikia kampuni miaka minane hupata, kwa kiwango hicho cha chini, takriban mshahara wa miezi minne.

Katika orodha hiyo, bonasi haimo. Hapo ndipo wengi hushtuka, kwani walidhani kwamba kwa kuwa wamekuwa wakilipwa kila mwaka, tayari imekuwa haki yao. Mwajiri naye hufungua barua ya ajira na kuonyesha sentensi moja: bonasi hutolewa kwa hiari ya kampuni.

Waajiri wana hoja. Bonasi hutokana na faida, na kampuni inayozama katika hasara haiwezi kugawa ilichokosa. Kulazimisha malipo kama hayo huenda kukaongeza idadi ya watakaofutwa. Lakini hoja hiyo hupungua nguvu pale kampuni inapopunguza watu huku ikiendelea kutangaza faida. Ndivyo ilivyokuwa katika baadhi ya benki za humu nchini baada ya sheria ya kudhibiti riba kuanza kutekelezwa Septemba 2016. Hadi sheria hiyo ilipoondolewa Novemba 2019, matawi yalifungwa na wafanyakazi wakapunguzwa, ilhali sekta yenyewe haikuwa imefilisika.

Nguvu ya maandishi ilidhihirika Marekani mwaka 2009. Kampuni ya bima ya AIG, iliyokuwa imeokolewa kwa mabilioni ya dola za umma kuanzia Septemba 2008, ililipa bonasi za dola milioni 165 kwa wafanyakazi wa kitengo kilichochangia pakubwa kuiangusha. Umma ulighadhabika na wanasiasa wakafoka. Jibu la kampuni lilikuwa fupi: mikataba ilikuwa imetiwa saini kabla ya serikali kuingilia kati, na ililazimu kuheshimiwa. Ingawa baadhi ya waliolipwa walirudisha fedha hizo baadaye, funzo lilibaki. Walionufaika hawakuwa waliostahili zaidi, bali waliokuwa na karatasi.

Mfanyakazi wa Kenya naye anaweza kuwa na karatasi hiyo. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, yakiwemo malipo na jinsi yanavyokokotolewa, na inamtaka ashauriane na mfanyakazi kabla ya kuyabadilisha. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 nayo inasema masharti ya mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Kwa hivyo, kipengele kimoja kinachosema kwamba anayefutwa bila kosa atalipwa bonasi kwa kadiri ya miezi aliyofanya kazi kinaweza kumaliza utata wote.

Isitoshe, kipindi cha ilani si cha kuaga tu. Katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa sekta ya ndege, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2014, Jaji David Maraga alieleza kuwa lengo la ilani hiyo ni kutoa nafasi ya mashauriano. Huo ndio wakati wa chama kuleta suala la bonasi mezani. Fedha zikishagawanywa, kilichobaki ni kwenda mahakamani, na kesi huchukua muda ambao aliyepoteza kazi hana.

Wanaosalia kazini pia hutazama. Wao ndio hurithi majukumu ya walioondoka, na wanapoona wenzao wametimuliwa wiki chache kabla ya malipo, hujua ahadi waliyopewa wao ina uzito gani. Kampuni inayookoa fedha kwa njia hiyo hupoteza imani ya watu inaowahitaji kuinuka tena.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Vyama vya wafanyakazi vimezoea kupigania nyongeza ya mshahara na kuiacha bonasi mikononi mwa hisani ya mwajiri. Mazungumzo ya mkataba ujao yanapoanza, na kabla kampuni haijataja kupunguza mtu yeyote, ndipo pa kuiandika.