Mzigo wa Barua Uchujwe Ng'ambo ya Mto

Hakuna nahodha wa kivuko, awe wa Mto Ruvuvu huko Ngara au wa mto mwingine wowote, atakayevusha kwanza magunia ya makapi, na akisha kufika ng'ambo ndipo aulize ni nani aliyeyaagiza. Chombo ni kidogo, abiria ni wengi, na nauli ni ya kulipwa. Lakini hivyo ndivyo zinavyovushwa barua pepe nyingi ziendazo vijijini. Taka na nafaka hupakiwa pamoja, huvutwa kwa shida juu ya mawimbi dhaifu ya simu, na kazi ya kuchambua huachiwa mpokeaji ambaye amekwisha kulipa.

Tuitazame Kata ya Nyakisasa, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngara. Ile ni nchi ya vilima, na wimbi la mnara wa simu halipindi kirahisi likafika nyuma ya kilima. Mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati, katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa: watu wa namna hii, huko na katika kata nyingine nyingi za nchi yetu, husoma barua za kazi katika simu zao, na mara nyingi kwa bando walilonunua wenyewe. Ati tunaambiwa kwamba siku hizi kila mtu hutumia WhatsApp. Kwa mazungumzo, ndiyo. Waraka, fomu ya taarifa na orodha ya mahitaji bado huja kwa barua pepe, na mtumishi hawezi kuviacha bila kuvifungua.

Sasa tuupime mzigo wenyewe. Barua ya ukurasa mmoja, ikiandikwa kwa herufi tupu, haizidi sana kilobaiti 2. Barua hiyo hiyo ikichapwa karatasini, ikagongwa muhuri, kisha ikapitishwa katika skana na kutumwa kama picha, yaweza kufika megabaiti 1, yaani uzito wa barua 500. Wala si hayo tu. Barua pepe ilibuniwa ibebe herufi, haikubuniwa kwa picha; kwa hiyo kila kiambatisho hugeuzwa kwanza kiwe herufi, na mgeuzo huo huongeza kama theluthi moja ya uzito wake. Barua 10 zenye viambatisho vya megabaiti 3 kila moja huwa megabaiti 40 zikiwa njiani, wala si 30. Na wimbi likikatika katikati ya barua, programu nyingine huanza kuivuta upya tangu mwanzo, na bando lililokwisha kuliwa halirudi. Mpelekaji yuko Dodoma au Dar es Salaam, amekaa kwenye waya wa ofisi ambao haulipii yeye. Amebonyeza mara moja, nakala kwa watu 40, akaenda kunywa chai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Waliotangulia katika kazi hii waliujua mzigo huo vizuri zaidi kuliko sisi. Mwaka 1993 ilirushwa setilaiti ndogo iitwayo HealthSat-2, ya shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari Mmarekani Bernard Lown, ili kupeleka barua na habari za utabibu kwa waganga wa nchi maskini, wa Afrika Mashariki wakiwamo. Setilaiti hiyo haikukaa mahali pamoja angani. Ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, na kila mara kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo ndimo barua zilimopandishwa na kuteremshwa. Ni nani angethubutu kuzijaza kwa nembo za rangi? Katika miaka hiyo ya 1990 kampuni ya Bushnet ya Kampala nayo ilipeleka barua pepe kwa redio za mawimbi mafupi, hadi mahali ambapo waya wa simu haukupata kufika. Redio ikipitisha biti 2,400 kwa sekunde, ile barua yetu ya herufi tupu hupita kwa sekunde 7 hivi. Ile ya picha haimaliziki hata kwa saa nzima. Na mpaka leo mtandao wa Winlink, utumiwao na wapenzi wa redio na mabaharia, una kikomo cha kilobaiti 120 kwa barua moja. Watu hao huandika, hujibiwa, na kazi zao hufanyika.

Hapa ndipo tunapotaka kutia mkazo. Chujio lililo ndani ya simu ya mpokeaji, likingoja barua iingie yote ndipo liihukumu, haliokoi hata senti moja. Linafagia chumba baada ya taka kuletwa na nauli yake kulipwa. Chujio lenye faida ni lile liwekwalo katika seva, upande wa mjini, penye njia pana, kabla barua haijapanda kivukoni. Na vifaa vya kazi hiyo si vya kuagizwa kesho. Mwaka 1986 Mark Crispin, huko Stanford, Marekani, alianza kuunda utaratibu uitwao IMAP, ambao humwezesha mtu kuona kwanza jina la mpelekaji, kichwa cha habari na uzito wa barua, kisha asome maneno yake, na viambatisho vibaki katika seva mpaka mwenyewe aviite. Tangu miaka ya 1990 seva huweza pia kutajiwa uzito wa barua kabla ya kuipokea, na kuikataa ikiwa imepita kikomo. Ufundi tunao. Tunalokosa ni agizo la mtu mwenye mamlaka.

Kuhusu barua taka zenyewe hatutasema mengi. Zilianza mwaka 1978, pale Gary Thuerk wa Marekani alipotangaza kompyuta za kampuni yake kwa watu wapatao 400 ambao hawakumwomba, na tangu hapo hazijakoma. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja ujumbe usioombwa, nayo ni sheria njema. Lakini tapeli aliye ng'ambo ya bahari haisomi.

Jambo zito ni jingine. Chujio laweza kukosea, na kosa lake laweza kuua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mlangoni mwa Ngara. Kabla ya hapo, Machi 2023, ugonjwa huo ulikuwa umetangazwa huko Bukoba Vijijini, katika mkoa huo huo wa Kagera. Barua ya onyo katika siku za namna hiyo huandikwa kwa haraka, hupelekwa kwa watu wengi kwa mara moja, pengine kutoka anwani ambayo mganga wa kijijini hajapata kuiona, na yaweza kubeba viambatisho vizito. Zitazameni dalili hizo. Ndizo zile zile ambazo mashine huzitumia kuitambua taka! Mtu atakayeweka chujio kali na kulipa ruhusa ya kutupa, akidhani anaokoa fedha za zahanati, aweza kuizuia ile barua moja iliyopasa kufika siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo twasema chujio lizuie uzito, lisitupe barua. Maneno ya kila barua yapite, hata kama ni mistari 20 ya mwanzo. Kiambatisho kibaki ng'ambo, jina lake na uzito wake vikiandikwa chini ya barua. Zile zinazodhaniwa kuwa taka zisifutwe, bali kila asubuhi mpokeaji aletewe orodha fupi ya zilizozuiwa, naye aseme ipi aletewe. Na anwani za Mganga Mkuu wa Wilaya na wa Mkoa zipite daima bila kuulizwa. Wako watakaonung'unika kwamba mashine itazipekua siri za watu. Kupima gunia si kulifungua, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa yeyote atakayezidisha.

Wengine watasema haya ni mambo ya jana. Mkongo wa taifa umekwisha kufika mpakani Rusumo na Kabanga, vyote vya Ngara, na Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa, nasi twaisifu. Lakini mkongo hupita chini ya ardhi kuelekea Rwanda na Burundi. Mwananchi wa kilimani bado huunganishwa na ulimwengu kwa wimbi la hewani, naye hulipa kwa megabaiti. Tena tumeona mara nyingi kwamba njia ikipanuka, waandishi wa barua nao huzinenepesha barua zao mpaka ikajaa tena.

Mamlaka ya Serikali Mtandao ndiyo inayosimamia mfumo wa barua pepe za serikali. Twaiomba iwape watumishi wa kata na vijiji chaguo hilo ndani ya mfumo, kwa maelezo ya Kiswahili yasiyohitaji fundi, nalo liwe tayari kabla ya mwaka wa fedha ujao kuanza Julai. Na mabwana wa maofisi, waliozoea kutuma picha ya karatasi, wayaandike maneno ya waraka ndani ya barua yenyewe. Karatasi yenye muhuri ibaki katika jalada la masjala, na atakayeihitaji ataiomba.