Fataki Ufukweni: Sheria Iwatazame Walio Majini

IMEKUWA desturi, kila mwaka unapokaribia kwisha, Jeshi la Polisi nchini kutoa tangazo la kuwaonya wananchi wasichome matairi barabarani wala kurusha fataki pasipo kibali. Tangazo hilo tunaliunga mkono. Hata hivyo, kwa wakazi wa Kyela, na kwa mwambao wote wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, liko jambo moja zito ambalo tangazo halilitaji, nalo ni usalama wa watu walio majini wakati fataki zinaporushwa ufukweni.

Matema siku hizi ni mahali pa mapumziko. Wageni hufika kwa wingi siku za sikukuu, na si ajabu mwenye hoteli akataka kuupamba usiku wao kwa fashifashi. Hatuna kinyongo na furaha hiyo. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaijua vizuri, kwani mbingu za Zanzibar hung'ara usiku wa kuamkia Januari 12 kuadhimisha Mapinduzi. Lakini ufukwe wa Matema si uwanja wa michezo. Mbele yake kuna wavuvi wanaofanya kazi usiku kwa taa. Upande wa mashariki, chini ya Milima ya Livingstone, vimo vijiji ambavyo njia yao kubwa ni maji. Wafinyanzi wa Ikombe huleta vyungu vyao sokoni kwa mitumbwi, na watu wa Lumbila na Lupingu, wilayani Ludewa, wameishi miaka mingi wakitegemea vyombo vya ziwani.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, ambayo ni Sura ya 45 ya sheria za nchi, ilitungwa kwa kuangalia zaidi migodi na machimbo: nani aingize baruti, nani aihifadhi, nani ailipue. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inamtaka mwenye kuitisha mkutano wa hadhara au maandamano atoe taarifa saa 48 kabla. Kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinashughulika na kelele na mitetemo. Kila moja ina kazi yake, lakini hakuna iliyotungwa kwa kumfikiria mtu aliye ndani ya mtumbwi, kilomita chache kutoka pwani, anayeona roketi nyekundu ikipanda angani.

Roketi hiyo ina maana yake. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kiambatisho chake cha nne, zinataja ishara za chombo kilicho hatarini. Miongoni mwake ni roketi zinazotoa nyota nyekundu, zikirushwa moja moja kwa vipindi vifupi. Mlipuko unaorudiwa kila baada ya dakika moja hivi. Na moto unaowaka chomboni. Kiambatisho hicho kinakataza kutumia ishara hizo pasipo shida, na pia kinakataza ishara nyingine zinazoweza kudhaniwa kuwa ndizo. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari, ni kweli. Lakini mtu anayezama ziwani naye hana lugha nyingine ya kuomba msaada gizani. Tena mvuvi wetu aghalabu hana hata hiyo roketi. Ana tochi, au kitambaa kilichochovywa mafuta ya taa. Ikiwa ufukwe mzima unawaka matairi na kupasua fataki, ni nani atakayeujua moto wake?

Wasiwasi huu haukutoka hewani. Ziwa hili lina upepo wa Mwera, ambao huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Julai 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi, kaskazini mwa ziwa, na watu zaidi ya 140 wakafa. Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kukumbushwa usiku wa Septemba 10, 2011, Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi, wala Julai 18, 2012, ilipozama Skagit. Wao wanajua thamani ya ishara moja kuonekana na kuaminiwa.

Kuna na nchi kavu. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, huko Namasuba, karibu na Kampala, umati uliokwenda kutazama fataki ulisongamana katika njia nyembamba, na watu wasiopungua tisa wakafa, wengi wao vijana na watoto. Fataki zenyewe hazikumuua mtu. Kilichoua ni mpangilio mbaya wa mahali.

Isitoshe, ziwa hili lina mpaka. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Malawi inadai ziwa lote la kaskazini kwa kutegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Hatuoni busara ya milipuko ya usiku kusikika ng'ambo ya Mto Songwe pasipo upande wa pili kuarifiwa mapema.

Hatuombi fataki zipigwe marufuku. Marufuku isiyosimamiwa huzifanya ziuzwe kwa kificho tu. Tunachotaka ni kwamba kibali chochote kitakachotolewa kwa ufukwe wa Kyela kitaje saa ya kuanza na ya kumaliza, kitaje mahali watazamaji watakaposimama na njia watakayotokea, na kikataze kabisa roketi nyekundu. Polisi wasikitie sahihi kabla Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo ndilo lenye dhamana ya usalama wa vyombo, halijaarifiwa, na kabla vikundi vya wavuvi vya ufukweni havijapewa habari angalau siku mbili mbele. Upepo ukichafuka jioni ile, kibali kife palepale.

Mambo hayo hayangoji Bunge. Mengi yanaweza kuandikwa katika karatasi ya kibali kwa uamuzi wa kamati ya usalama ya wilaya, na tungependa kuyaona yameandikwa kabla ya Desemba.