Nambari ya simu isafishwe mlangoni

Wadau, bado naona programu za PHP ambamo kila kontrola inasafisha nambari ya simu kivyake. Mteja wa Likoni anaandika 0722, wa Changamwe anaanza na +254, mwingine anaacha nafasi katikati. API ya M-Pesa nayo inataka 254 mwanzoni, bila alama ya kujumlisha.

Kwangu mimi kazi hiyo ifanywe na huduma moja, kabla kontrola haijaguswa. Kwa Symfony zamani tulitumia ParamConverter. Tangu toleo la 6.2 (2022) kuna ValueResolver. Inachukua kigezo kwenye ombi, inaita huduma yako, kontrola inapewa nambari iliyo tayari.

Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa nambari za 01. Aliyekuwa ametawanya sharti la "lazima ianze na 07" kwenye faili ishirini alikuwa na kazi ya kuzisaka zote (pole yake). Ikimponyoka moja tu, mama mboga wa Kisauni mwenye laini ya 0110 anajaza fomu ya mkopo, anaambiwa nambari si sahihi, basi.

Ila msiiombe huduma hiyo ipige API ya nje. Mtandao ukilala, ombi litakwama hata kontrola haijafikiwa, na kutafuta chanzo ni balaa.