Meli ya Kitalii Ipimwe kwa Saa za Nchi Kavu

Matangazo ya safari za meli za kitalii huhesabu usiku. Usiku saba, milo yote ndani, kitanda kinachohama na mwenyewe kutoka bandari hadi bandari, na chini yake nauli ambayo hoteli nyingi za ufukweni haziiwezi. Kwa kipimo hicho meli inashinda, wala hakuna cha kubishania. Ninachokipinga ni kipimo chenyewe. Mtu anayeaga jamaa zake kwamba anakwenda kuviona visiwa vya Karibiani ananunua muda wa kuwa visiwani, na hiyo ndiyo bidhaa ambayo meli huiuza ghali kuliko zote.

Chukua Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii kutoka Miami Januari 2024. Ina uwezo wa kuchukua abiria 7,600, na safari yake ya kawaida ni usiku 7, yaani saa 168. Tuseme inasimama mara 4, na kila inaposimama abiria anapata saa 8 za kushuka. Hizo ni saa 32, hazifiki hata sehemu moja ya tano ya safari nzima. Tena kituo kimojawapo mara nyingi ni CocoCay, kisiwa cha Bahamas ambacho Royal Caribbean, kampuni yenye meli hiyo, imekigeuza uwanja wake wa burudani, hakuna mji pale. Zimebaki saa 24. Nauli tuiweke dola 900, tuongeze bakshishi ya dola 18 hivi ambayo kila abiria hukatwa kwa siku: zimetoka dola 1,026 kabla hata ya soda ya kwanza. Zigawe kwa 24, utaona kila saa ya kukanyaga nchi ya watu imegharimu karibu dola 43. Sasa mtazame aliyepanga chumba kisiwani kwa siku hizohizo 7. Akiwa macho saa 16 kwa siku, ana saa 112. Hata kama malazi, chakula na teksi vimemla mara mbili ya fedha za yule wa melini, saa yake moja haifiki dola 19.

Na ile nauli haikukusudiwa kuwa bei kamili. Mwaka 2023 kampuni nyingine ya meli za kitalii, Carnival, iliingiza takriban dola bilioni 21.6, na zaidi ya bilioni 7 kati ya hizo hazikutokana na tiketi. Zilitokana na vinywaji, kasino, intaneti, matembezi yanayouzwa ndani ya meli na mengine ya aina hiyo. Katika bandari nyingi kasino na maduka ya meli hufungwa ikiwa gatini, yakafunguliwa ikishafika bahari kuu. Kwa hiyo abiria aliye mjini anakula na kununua kwa wengine, na aliye melini ananunua kwa mwenye meli. Sisemi kuna hila hapo. Ni biashara, na taarifa za fedha huchapishwa wazi. Lakini mwenye biashara ya namna hiyo hana sababu ya kumwacha mteja wake mjini mpaka usiku.

Nitaambiwa kwamba wengi hawafuati bandari, wanafuata meli yenyewe. Ni kweli, na kwa hao sina neno. Anayetaka mabwawa 7 ya kuogelea, michezo ya watoto na chakula kisichokatika atapata shida kuipata hoteli ya kuilinganisha na Icon kwa fedha hizohizo. Mzee asiyeweza kupanda na kushuka mabasi na sanduku mkononi naye ana haki ya kuchagua meli, na hoja yake ni nzito kuliko hesabu yangu. Zipo pia sehemu zisizo na barabara. Glacier Bay kule Alaska, wageni walio wengi huiona wakiwa juu ya meli. Ila matangazo hayauzi mabwawa peke yake. Yanauza majina ya miji, na mwenye kununua jina la mji aulize amepewa saa ngapi za kuwa ndani yake.

Swali hilo linatuhusu hata sisi tunaopokea wageni, kwa kuwa saa anazozikosa mgeni ndizo anazozikosa mwenyeji. Meli inayotia nanga Unguja asubuhi na kung'oa saa 11 jioni humpa abiria Mji Mkongwe wakati wa jua kali. Ataona milango ya nakshi, atanunua viungo Darajani, atarudi mbio. Forodhani hataiona ilivyo, maana meza za mishkaki na pweza hupangwa jua likikaribia kuzama, taa zikawashwa, na muuza juisi akaanza kukamua miwa wakati yeye yuko foleni ya kurudi melini. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani hufuata maji kupwa, na maji kupwa hayafuati ratiba ya meli. Mgeni aliyelala siku tano anayapata yote hayo bila kuyakimbilia, na kila anapoyapata kuna mtu wa hapa amelipwa.

Mombasa imeshajenga jengo la kupokelea abiria wa meli hizi, na Zanzibar nayo inazitaka. Zije. Lakini serikali zetu zisihesabu vichwa vinavyoshuka ngazi tu, kwa sababu mgeni wa saa sita na mgeni wa siku sita huandikwa sawa kwenye daftari hilo. Ada za bandari zipangwe kwa muda: meli inayokubali kulala gatini hadi asubuhi ya pili ipunguziwe, na inayoondoka kabla ya magharibi ilipe zaidi.